Alama za Juu

Ngumi ya kwanza ilimpata Daktari puani kabla hajamaliza kusema shikamoo. "Shika..." alianza, na iliyobaki akaimeza pamoja na damu. Salamu yenyewe ilikuwa ya Mama, aliyekuwa amesimama hatua chache ndani ya mlango. Lakini aliyeipokea alikuwa Chuma, mwanawe wa kwanza, na siku hiyo Chuma hakuwa na marahaba ya mtu.

Ngumi ya pili ilimbamiza Daktari kwenye fremu ya mlango. Ya tatu ikamkaribisha ndani. Naam, ikamkaribisha: Chuma alimkwida shati kwa mkono wa kushoto, akamvuta, akampiga kwa wa kulia, na mgeni akaingia sebuleni kwa mtindo huo, akiburuza begi lake la dawa ambalo hata wakati ule hakuliachia. Na tuseme ukweli, Chuma hakuitwa Chuma bure. Kazi yake ilikuwa kuchomea mageti na madirisha, na mtu akimpa mkono ilimbidi ahesabu vidole baadaye kama vimerudi vyote.

Kitinda alikuwa kwenye cherehani lake karibu na dirisha, anapachika ukosi kwenye sare ya shule. Walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa nyumba ile, ingawa sasa alikuwa mwanamke mzima, mwenye wateja wake na hasira zake. Aliruka kwa nguvu hadi kiti kikapinduka.

"Kaka! Umepagawa? Mwachie!"

"Kaa mbali!"

"Nimemwita mimi! Baba hajanywa hata maji tangu asubuhi. Nimempigia simu mimi, aje amwone!"

"Vizuri sana," Chuma alisema, akapiga tena, safari hii tumboni. "Nilikuwa nataka kumfuata hukohuko hospitali. Kaniokolea nauli."

Daktari alianguka juu ya meza ndogo ya kioo. Kioo kilipasuka chini yake, miwani ikaruka ikaingia chini ya kochi, na kwa mara ya kwanza Kitinda akauona uso ule bila miwani mbele ya watu wengine. Aliuzoea uso huo. Aliuzoea akiwa peke yake naye, pale Daktari alipovua miwani na kuifuta taratibu kwa pindo la koti, akimtazama kwa macho yasiyoona vizuri na yasiyotaka kuona kingine. Walijuana kwa ajili ya koti hilohilo. Mfuko wake ulikuwa umechanika, na Kitinda, aliyekuwa amempeleka baba yake kliniki, alishindwa kuvumilia akauliza, "Daktari mzima, unatembea na mfuko unaning'inia kama sikio la mbuzi?" Akautia uzi palepale kwenye benchi. Tangu siku hiyo Daktari alianza kuchana mifuko kwa makusudi, na Kitinda alijua, na alishona yote.

Sasa uso ule ulikuwa na damu hadi kidevuni. Kitinda alipiga magoti juu ya vioo bila kuviona.

"Usimguse!" Chuma alimvuta dada yake begani. "Kwanza muulize. Muulize baba alipata alama ngapi."

"Swali gani hilo? Mtaa mzima unajua. Alipata alama za juu."

"Muulize yeye!"

Ni kweli, mtaa mzima ulijua. Baba yao alikuwa mwalimu wa hesabu maisha yake yote, na hata baada ya kustaafu hakuna aliyemwita vingine. Hata mkewe alimwita Mwalimu. Saratani ilipomkamata tumboni aliivumilia kwa miezi, dripu baada ya dripu, nywele zikaisha, nyama ikaisha, ikabaki sauti. Kisha siku moja Daktari akasema anataka kumpima damu ya aina nyingine, kabla hawajaamua kama waendelee na dripu au waache. Majibu yalipotoka, Mwalimu aliingia chumba cha Daktari peke yake. Alitoka kifua mbele. "Nimefaulu!" alitangaza kwa watu wote waliokuwa kwenye mabenchi. "Alama za juu! Juu sana, kasema mwenyewe!" Na kesho yake akaruhusiwa kurudi nyumbani. Nani angehitaji ushahidi zaidi ya huo? Mgonjwa anaruhusiwa akipona.

Siku hiyo Mama alicheza uani. Yeye ambaye hapo awali aliapa kwamba bintiye hataolewa na mtu ambaye kazi yake ni kukaa na wanaokufa, alianza kumwekea Daktari chakula pembeni na kumuuliza kwa nini amekonda. Na Chuma, aliyekuwa akimkataa kwa kelele kuliko Mama, alimpiga Daktari kofi la mgongo lililomkohoza, akamwita shemeji. Posa iliyokuwa imekaliwa ikainuliwa. Wakakubaliana arusi isubiri kidogo, Mwalimu anenepe, asimame mwenyewe mbele ya watu akiwa na suti yake.

"Leo asubuhi nilikuwa hospitali," Chuma alisema, akihema. "Wameniita nichomee kitanda kilichokatika mguu. Nikamkuta nesi wa wodi ya mzee. Tukasalimiana, akauliza mzee anaendeleaje. Nikamwambia mzee wetu alipata alama za juu kwenye ile damu. Unajua alinijibu nini?"

Aliwageuzia uso mmoja mmoja.

"Akanipa pole! Nikamwambia dada, hapa pahali pake ni hongera. Akasema, 'Hapana, kaka yangu. Ni pole.'"

Kitinda alimgeukia Daktari, aliyekuwa amejiinua akakaa, mgongo kwenye kochi, kiganja kimeziba pua.

"Anasema nini kaka?"

Daktari alimtazama, kisha akatazama sakafu, na kule kutazama sakafu ndiko kulikomwambia Kitinda kila kitu.

"Kipimo kile alama zikiwa juu, hali ni mbaya," Daktari alisema polepole. "Tunapima vitu viwili vitatu kwenye damu. Kuna kinachopanda mwili unapowaka ndani kwa ndani. Kuna kinachotengenezwa na ini, ambacho hushuka mwili unapoishiwa. Tunaangalia na chembe nyeupe. Tukijumlisha tunakisia muda uliobaki. Alama zikipanda, muda unapungua."

"Uliobaki," Kitinda alirudia.

"Za Mwalimu zilikuwa juu kabisa. Nilikisia wiki chache. Ndiyo maana tulimruhusu, asifie kwenye dripu isiyomsaidia."

Kikombe kilipita kati yao kikapasuka ukutani, chai ikachirizika kwenye picha ya ukoo. Alikuwa Mama. Mkono uliokirusha ulibaki hewani.

"Na ulikula chakula changu!" Mama alipiga ukelele. "Ulikaa hapo, kwenye kiti hicho, ukala, ukashukuru, ukaniita mama!"

"Mama, nisikilize..."

"Usiniite mama! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nilikushonea nguo kabisa!"

Kitinda hakupiga kelele. Alisimama, na vipande vya kioo vikadondoka kutoka magotini pamoja na matone ya damu. Alikuwa anakumbuka sauti ya baba yake kutoka chumbani, siku zote hizo. "Kitinda, njoo ukae na mimi kidogo." Naye akijibu akiwa kwenye cherehani, mguu haukomi, "Baadaye, baba. Nikimaliza hizi sare." Baadaye. Alikuwa na baadaye nyingi mno, za kugawa bure.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Aliniuliza, 'Nimepata ngapi?' Nikatafuta neno la kuanzia. Nikasema, 'Mwalimu, alama zako ziko juu, juu sana,' nikawa nataka kuendelea. Akaninyakua mkono, akacheka. Hujaona mtu mgonjwa vile anavyocheka. Nikashindwa."

"Siku hiyo. Na kesho yake? Na keshokutwa? Umekuja hapa mara ngapi, umekaa na mimi pale uani, umenishika mkono huu, ukaniambia watoto wetu watafundishwa hesabu na babu yao. Kwa nini hukuniambia mimi?"

Daktari aliondoa kiganja usoni. Pua ilikuwa imehama kidogo upande. "Siku ya kwanza nilinyamaza kwa huruma," alisema. "Siku zilizofuata nilinyamaza kwa ajili yako. Walikuwa wameanza kunipenda hapa. Nilijua nikisema ukweli nitakukosa."

Rula ndefu ya mbao, ile ya kupimia vitambaa, ilikuwa juu ya cherehani. Kitinda hakukumbuka kuichukua. Alikumbuka tu sauti yake ikitua kwenye bega la Daktari, kisha shingoni, kisha kwenye mikono aliyoiinua kujikinga. Alimpiga mwanamume aliyempenda kuliko mtu yeyote nje ya nyumba ile, akampiga akilia, akampiga hadi rula ikakatika vipande viwili, na akaendelea na kipande kilichobaki. "Ulininunua kwa siku za baba yangu! Siku zake! Hazikuwa zako!" Na lililomuuma zaidi ni kwamba hata pale, mkono ukiwa juu, aliona jinsi kifungo cha shati la Daktari kilivyolegea, na kitu ndani yake kikataka kukishona.

"Sasa nipishe," Chuma alisema. Alikuwa ameinua kiti cha mbao juu ya kichwa chake. "Wewe umepiga cha kike. Nipishe nimalize."

"Chuma, utaua mtu!" Mama alishtuka, maana hasira ya kikombe na hasira ya kiti si moja.

"Aue yeye tu? Mimi na mzee hatusemezani vizuri tangu nilipomtolea maneno mbele ya majirani. Niliweka kumwomba radhi hadi arusini! Nilisema akinenepa, siku ya arusi, mbele ya watu wote, nitapiga magoti. Huyu hapa alikuwa anajua mzee hataiona arusi yoyote, akanichekea, nikamwita shemeji!"

Kiti kilishuka. Daktari alijitupa kando, na kiti kikavunjikia sakafuni alipokuwa amekaa, mguu mmoja ukaruka ukapasua kioo cha dirisha. Chuma akauokota mguu mwingine wa kiti.

"Nani amefeli humu ndani?"

Sauti ilitoka mlango wa chumbani. Mwalimu alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye mkongojo. Kusimama huko kulikuwa muujiza, kwani tangu asubuhi hakuweza hata kugeuka kitandani. Pajama lilimning'inia. Macho yalikuwa ya njano, lakini ni yaleyale yaliyowahi kunyamazisha madarasa ya watoto mia.

"Mwalimu, rudi ukalale," Mama alisema, akimkimbilia.

"Nimeuliza swali." Alimsogeza mkewe kwa kiwiko. "Nimesikia kelele, nimesikia vyombo, nimesikia alama. Daktari. Nilikuuliza nimepata ngapi. Ukasema juu. Alama za juu ni alama za juu dunia nzima. Au si hivyo?"

Daktari alisimama kwa shida. "Si hivyo, Mwalimu. Kwenye kipimo kile tunahesabu kama unavyohesabu makosa. Mwenye mengi ndiye aliyeanguka."

"Makosa." Mwalimu alilitafuna neno hilo. "Kwa hiyo siku ile nilipotoka nacheka mbele ya watu, nilikuwa natangaza kwamba nakufa."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaniacha nitangaze."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu alitembea. Aliburuza miguu kati ya vioo na mbao, hakuna aliyethubutu kumsaidia, hadi akafika mbele ya Daktari. Akauinua mkongojo kwa mikono miwili na kumtandika nao ubavuni, pigo kavu la mtu aliyelikusanya kutoka mbali. Daktari alijikunja lakini hakukwepa. "Hiyo ni ya kumwacha mwanafunzi na jibu la uongo," Mwalimu alisema. Akageuka, mkongojo ukampata Chuma kwenye goti, na Chuma, mwanamume mwenye mabega ya mlango, akapiga yowe kama mtoto. "Na hiyo ni ya kumpiga mgeni mlangoni kwangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hakuna methali inayosema tumvunje pua."

Alitaka kusema jingine. Mdomo ulifunguka, lakini kilichotoka si neno. Alishika tumbo kwa mikono yote, mkongojo ukaanguka, naye akaanguka juu yake. Kisha ukaja ule ukelele. Waliozoea kuuguza wanaujua. Ni ukelele usioita mtu, hauombi kitu, unatoka tu. Mwalimu alijipindapinda sakafuni kati ya vioo, na damu nyeusi ikamtoka kinywani ikaingia kwenye ndevu zake za mvi.

Daktari alikuwa tayari chini. Begi limefunguliwa, bomba la sindano liko mkononi, chupa ndogo ya dawa kati ya vidole. Mikono ileile iliyokuwa ikijikinga muda mfupi uliopita ilikuwa imetulia kabisa.

"Mofini," alisema. "Ya maumivu. Mshikeni mabega."

Mguu wa kiti ulimpiga kifundo cha mkono. Chupa iliviringika mbali.

"Humchomi kitu!" Chuma alinguruma. "Umeshakisia, sasa unataka kuitimiza hesabu yako kwa sindano? Toka!"

"Anaumia! Chuma, msikilize baba yako, anaumia!"

"Nimesema toka, au nikutoe kwa vipande!"

"Mkono huo usimguse tena mume wangu," Mama alilia, akiwa amekipakata kichwa cha Mwalimu. "Ulitoa damu yake ukatuletea msiba. Usimguse!"

Na Mwalimu alikuwa bado anapiga ule ukelele. Kitinda alisimama katikati na kipande cha rula mkononi. Aliwatazama watu wake wote wanne. Alikuwa na sababu kubwa ya kumfukuza mwanamume yule kuliko kaka yake na mama yake wakiwekwa pamoja. Daktari alikuwa amemdanganya yeye, akimshika mkono, akimtazama machoni. Nani alimhakikishia kwamba kilichomo kwenye chupa ile ni alichokisema? Akamtazama Daktari. Daktari hakumwomba kitu. Alikuwa ameshaokota ile chupa, amepiga magoti, jicho moja limefumba kwa uvimbe, anamtazama mgonjwa tu. Si yeye. Mgonjwa. Na Kitinda akagundua kwamba anaweza kumchukia mtu huyu na bado akajua, kama anavyojua ukubwa wa kiuno kwa kukitazama tu, kwamba mikono ile haijawahi kumdanganya mtu. Mdomo ndio ulidanganya.

Alikwenda kwenye cherehani, akachukua mkasi mkubwa wa kukatia suti.

"Kaka, sogea."

"Kitinda, weka hicho kitu chini."

"Sogea, baba achomwe sindano."

"Unamchagua huyu juu ya damu yako?"

"Namchagua baba!"

Chuma alinyoosha mkono kumpokonya mkasi, kama alivyokuwa akimpokonya wanasesere utotoni. Safari hii Kitinda hakulia wala hakukimbilia kwa Mama. Alikata. Ncha ilimpasua Chuma kuanzia kiwikoni hadi karibu na kiganja, damu ikaruka hadi kwenye sare ya shule iliyokuwa kwenye cherehani. Chuma alirudi nyuma akiushika mkono wake, mdomo wazi. Hakuamini. Kitinda mwenyewe hakuamini, lakini mkasi ulibaki umeelekezwa kooni mwa kaka yake.

"Nitarudia," alisema. Kisha bila kugeuza kichwa, "Mchome."

Daktari alichoma. Walisikia karatasi ya pamba ikichanwa, walisikia bomba likiwekwa chini. Kisha wakabaki kusikiliza ukelele, na ukelele ukawa mlio, mlio ukawa mguno, mguno ukawa pumzi. Mwalimu alilegeza magoti. Vidole vilivyokuwa vimekaza tumboni vikafunguka kimoja kimoja.

"Yaa," alinong'ona, sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Chuma aliteleza ukutani hadi akakaa chini, akaanza kulia kwa sauti nzito, bila aibu. "Baba, nisamehe," alisema. "Yale maneno ya mbele ya majirani. Nisamehe."

"Maneno gani?" Mwalimu aliuliza.

"Umesahau?"

"Nilikusamehe siku ileile, bwege wewe. Nilikuwa nasubiri useme ili nikuongezee." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Funga huo mkono, unachafua nyumba."

Daktari ndiye aliyeufunga. Alitambaa hadi kwa Chuma na bandeji na uzi wa kushonea vidonda, na Chuma akageuza uso pembeni lakini akautoa mkono. Hakuna aliyesema asante wala samahani. Mwenye pua iliyovunjika akamshona aliyeivunja, uzi kwa uzi, na kila sindano ilipopita Chuma alitukana kwa sauti ya chini.

Mwalimu aliwatazama, kichwa kwenye mapaja ya mkewe. "Kitinda," aliita. "Njoo ukae na mimi kidogo."

Neno baadaye lilimchoma kooni kama mfupa. Aliutupa mkasi, akaja, akakaa kwenye vioo, akaushika mkono wa baba yake. Ulikuwa wa baridi. Alipoutazama aliona kucha zimekuwa za buluu.

"Huyu alikuposa," Mwalimu alisema. "Wakasema isubiri nipone. Mimi siponi. Mbele yangu hapa, nikiwa na akili yangu, unamtaka?"

"Mwalimu!" Mama alishangaa. "Baada ya haya yote?"

"Namuuliza mwenyewe."

Kitinda alimwangalia Daktari. Penzi ni kikohozi, halifichiki, na lake halikuwa limejificha hata dakika moja, hata rula ilipokuwa inapiga. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja, kulala kando yake kila siku ukijiuliza anakuficha nini ni jambo lingine. Alijiona miaka ijayo, amekaa na mtu mpole, mwenye huruma, atakayemnyima kila habari mbaya hadi aende nayo kaburini.

"Sijui, baba," alisema. "Nina swali moja kwake."

Daktari aliacha bandeji.

"Hospitali ulimpima damu ukakisia. Leo umemwona kwa macho, umemgusa. Usinipake sukari. Baba ataiona kesho?"

Chuma aliinua kichwa, na mkono wake mzima ukakunja ngumi. Mama alimkazia Daktari macho yaliyokuwa yanamsihi, kwa yote ambayo ni matakatifu, adanganye mara moja zaidi. Mwalimu naye alikuwa anamtazama, macho wazi, anasubiri majibu yake.

Daktari alitembea kwa magoti hadi akawa karibu na Kitinda. Machozi yalimtoka yakachanganyika na damu, lakini hakuyaacha macho ya Kitinda, wala hakutazama sakafu.

"Damu inasema muda, haisemi siku, na inaweza kukosea," alisema. "Miguu yake imeshapoa. Pumzi inakatika. Hataiona kesho, Kitinda."

Mama alipiga ukelele, akajipiga kifuani. Chuma aliruka akaupiga ukuta ngumi badala ya mtu, plasta ikapukutika, mshono ukafumuka, akapiga tena. Kitinda hakusogea. Neno lilimwingia lote, hadi chini kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu alama zile za juu zitangazwe, alijua mahali aliposimama.

Mwalimu alishusha pumzi. "Hilo ndilo jibu," alisema.

"Baba," Kitinda alisema, akiubana mkono ule wa baridi kwa nguvu zake zote, "namtaka."